Siku Macho Yangu Yalipoacha Nyayo

Mwezi uliopita nilinunua simu mpya. Kijana wa dukani akaitoa kwenye boksi, akaiwasha, akanielekezea usoni. "Dada, angalia kwenye duara, usipepese." Nikaangalia. Simu ikawaza kidogo, ikasema turudie. Nikasogea karibu zaidi, harufu ya plastiki mpya ikanijaa puani, na hapo nikaanza kucheka peke yangu mpaka kijana akadhani namcheka yeye. Nikamwambia, "Samahani kaka, nimekumbuka mbali." Akasema, "Kumbuka tu, ila usitikise kichwa."

Nilichokumbuka ni stoo ya shule yetu ya msingi kule Miyuji, Dodoma. Stoo ya majembe, mafyekeo na magunia ya mahindi ya uji, ambamo kwa siku chache palikuwa na mashine yenye harufu ile ile, na mimi nikaingizwa humo nikiwa natetemeka kama nimekamatwa na kuku wa watu. Ninyi wa rika langu mnajua kompyuta ilikuwa kitu gani kwetu enzi zile. Tulikuwa tunaisikia tu kwamba iko ofisini kwa fulani, imefunikwa kitambaa.

Niseme lilivyo, maana sasa mimi ni mtu mzima na aibu imeshapoa: nilikuwa darasa la nne na nilikuwa siwezi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiswahili. Aliyejua ni mtu mmoja tu duniani, mdogo wangu Saumu.

Saumu alikuwa darasa la tatu, na alikuwa anasoma kama maji. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, tunakaa kibarazani, ananisomea hadithi ya kesho mara tatu kwa sauti. Mara tatu zilinitosha. Kichwa cha kushika ninacho, hilo sijawahi kulificha. Malipo yake yalikuwa zamu yake ya vyombo na nusu ya ubuyu wangu. Asubuhi Mwalimu akinisimamisha nasimama, nashika kitabu, nakunja uso kidogo kama msomaji, halafu natiririka. Nilijua hata pa kufunua ukurasa, kwa sababu Saumu alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua, nami nikalikariri hilo pamoja na hadithi. Wenzangu walidhani mimi ni hodari. Baba yangu naye, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alikuwa akiwaambia wateja binti yake anasoma kama mtangazaji wa redio.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba alasiri, madrasa, nilikuwa nasoma vizuri tu. Juzuu langu limekatika pembe, kijiti cha ufagio mkononi, nakipitisha chini ya mstari herufi kwa herufi kama watoto wote wa pale, na ustadhi hana neno. Nikajiamulia mwenyewe sababu: herufi za Kiarabu zinanipenda, na herufi za shuleni zimeninunia kwa vile nilianza kujuana na zile nyingine kabla yao. Niliamini hivyo kabisa. Kuna siku niliziomba radhi, kimyakimya, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Kiswahili.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Ndahani, Mgogo wa upande wa Mlali, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mifugo kutoka ng'ambo ya korongo. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kidole hakigusi kitabu. "Kidole ni cha chekechea," anasema. "Darasa la nne tunasoma kwa macho." Ukijisahau ukaweka kidole, rula yake inatua mezani karibu nacho, pa, na darasa zima linakuangalia. Basi nikawa nashika kitabu mikono miwili kama msahafu, nasoma mstari wa kwanza vizuri, nikifika wa pili hadithi inaacha kuwa na maana. Mbuzi alikuwa sokoni, ghafla mvua inanyesha, ghafla mbuzi yuko sokoni tena. Nikaacha kujisumbua. Masikio yalinitosha.

Siku ya kuumbuka ilikuwa ya kawaida kabisa, upepo wa kiangazi umepuliza vumbi mpaka kwenye madaftari. Mwalimu Ndahani akasema, "Mwajuma, anzia aya ya tatu." Mimi nikaanza aya ya kwanza. Akasema tena, polepole, "Ya tatu." Nikaanza ya kwanza tena, kwa sababu mtu aliyekariri hawezi kuanzia katikati, lazima arudi mwanzo apate mbio. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka wala hakunichapa. Alikuja akaegemea dawati langu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwisho wa muhula nitamsomesha kila mmoja peke yake. Asiyeweza atarudi darasa la tatu akajengwe upya. Si adhabu, Mwajuma. Ni msaada."

Msaada. Darasa la tatu ndilo darasa la Saumu. Mkubwa arudi akae dawati moja na mdogo wake ambaye juzi tu yeye ndiye alikuwa akimfunga kamba za viatu, halafu wote watoke pamoja, na watu wa mtaani waulize mbona siku hizi mnatoka saa ile ile. Niliona bora nipelekwe Chemba kwa shangazi nikachunge. Nilimwambia Saumu usiku ule, nikalia, na yeye akanisogezea shuka tu. Nikadhani ananionea huruma.

Wiki mbili kabla ya mwisho wa muhula akaja Dada Penina. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nywele fupi, mkoba mzito, amekuja na bajaji na maboksi mawili meusi. Alisimama mbele yetu akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," na wale wenzetu wa Kigogo wakaitikia kwa kishindo, wakampenda hapo hapo. Akaeleza kwamba anachunguza jinsi macho ya watoto yanavyotembea wakati wa kusoma, kwamba mashine yake haiumi, na kwamba kila mzazi ametumiwa karatasi ya ruhusa. Niliomba baba akatae. Baba alipoona neno chuo kikuu alitia saini akiwa bado amesimama.

Alipewa stoo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na umeme wa ofisi ya mwalimu mkuu. Wakapitisha waya dirishani, halafu akaziba madirisha kwa mablanketi meusi. Leo najua sababu: jua letu la Dodoma ni kali mno, linaichanganya mashine. Lakini sisi tuliona chumba kinatiwa giza mchana kweupe, na mtoto mmoja mmoja anaingizwa, mlango unafungwa. Kufikia saa ya uji kulikuwa na habari kumi. Inapiga picha ubongo. Inapima uongo. Inajua kama umeoga.

Wa kwanza kuingia katika darasa letu alikuwa Lazaro, niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Alitoka na penseli mpya na uso wa mtu aliyerudi safari.

"Inafanya nini?" nikamuuliza.

"Inakuangalia."

"Inakuangalia vipi?"

"Wewe unaangalia skrini, yenyewe inaangalia unapoangalia. Mimi nilimwangalia ng'ombe badala ya maneno. Dada akasema, naona umempenda ng'ombe. Na mimi sikuwa nimefungua mdomo."

Nikapiga hesabu zangu za kitoto na, kusema kweli, hazikuwa mbaya. Mdomo wangu unaweza kusema hadithi yote bila kukosea, lakini macho yatakuwa wapi? Yatakuwa dirishani, kwenye picha, popote pasipo na maneno. Mashine itaona. Na kwa akili yangu, kitu kinachojua unapoangalia kinajua pia unachoficha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imebaki siku moja, maana jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kesho yake.

Lakini niseme na hili, nisije nikajifanya nilikuwa na hofu tu. Nilikuwa na hamu ya kuiona mashine ile mpaka mikono inawasha. Nilipita mbele ya stoo mara nne bila shughuli yoyote. Mara ya nne mlango ulikuwa wazi kidogo, nikaona mwanga wa buluu kwenye majembe, harufu ya plastiki iliyopata moto ikanifikia, na moyo ukanienda mbio kama siku ya Idi. Nilitaka kuingia na nilitaka kutoroka, vyote kwa nguvu moja.

Jibu nililipata kwa Bibi. Bibi mzaa baba tulikuwa naye nyumbani, na alikuwa hatoki bila wanja. Alikuwa akitupaka tangu tuko wachanga, akisema wanja unapoza jicho, halafu unalikinga na jicho la hasidi, maana hasidi akikutazama hapati pa kukuingilia. Nikawaza: na mashine ile ni nini kama si jicho la hasidi? Asubuhi nikamwendea nikijifikicha.

"Bibi, macho yananiwasha."

"Vumbi hilo," akasema. "Njoo."

Akanipaka vizuri, kwa bismillahi, mara moja kila jicho. Alipokwenda kutazama uji wake nikachukua kichupa nikajiongeza mwenyewe, juu na chini, ndani na nje, mara tatu. Nikajitazama kwenye kioo. Macho yangu hayakuonekana yanapoanzia wala yanapoishia. Nikaona hapa sasa tuko sawa. Nikavuta ushungi mpaka kwenye nyusi, nikatembea mpaka shuleni nikitazama viatu vyangu, maana wanja shuleni ni kosa.

Niliitwa kipindi cha pili. Stoo ilikuwa na joto, feni ndogo inazunguka bila faida. Dada Penina akanikalisha kwenye kiti kilichoongezwa matofali chini, mbele ya skrini kubwa kuliko televisheni yetu. Chini ya skrini palikuwa na kitu chembamba cheusi, kirefu kama rula, chenye vijitaa hafifu vyekundu. Nikaelewa ndilo jicho lenyewe.

"Kwanza tunaseti macho," akasema. "Kutakuja kanukta. Kafuate kwa macho tu, kichwa kitulie."

Kanukta kakaja, kakaenda pembeni, kakashuka, kakapanda. Nikakafuata. Dada Penina akatazama kompyuta yake ndogo, akakunja uso. "Turudie." Tukarudia. "Sogea mbele kidogo." Tukarudia. Akabonyeza hiki na kile, akapuliza vumbi, akainama kutazama waya. Mara ya tano mashine ikakataa tena. Wallahi, sikuwahi kupata furaha ya namna ile. Kitu cha chuo kikuu, kimekuja kwa bajaji na maboksi mawili, kimeshindwa na kichupa cha Bibi. Nilikaza midomo nisicheke.

"Ajabu," akasema. "Mashine inaona shimo jeusi, haijui jicho liko wapi." Akachukua simu, akawasha tochi, akaninyanyua ushungi kwa kidole kimoja. Akanitazama muda mrefu.

"Mwajuma, leo unaolewa?"

Nikasema macho yananiwasha.

"Yanawasha au yanajificha?"

Nikaushusha ushungi tena. Akatoa pamba na mafuta ya kupaka, akaanza kunifuta taratibu, jicho hili halafu lile, huku ananieleza kama vile mimi ni mwenzake wa chuo. Kwamba mashine inatuma mwanga usioonekana, inatafuta mboni, ule weusi wa katikati, na kwamba weusi wa wanja wangu umeizidi akili. Kwamba hata wadada wa chuo wakija na makope yao ya kubandika inawagomea. Pamba ilitoka nyeusi tii, moja, mbili, tatu. Mwishoni akasema, "Sikiliza. Mashine hii haitoi maksi. Haiendi kumwambia mwalimu. Yatakayoonekana hapa ni yako."

Nukta ikaja tena, na safari hii mashine ikakubali mara moja. Nikaona sina pa kukimbilia.

Kisha hadithi ikatokea, na haikuwa ya kitabu chetu. Saumu hakuwa ameniandalia hiyo. Mistari minane, na pembeni picha ya kofia. Nikasoma wa kwanza: mbuzi wa Mzee Sudi alikuwa na tabia ya kula visivyolika. Nikaenda wa pili, nikapotea. Nikatafuta, nikarudi, nikapotea tena. Nikatazama kofia. Nikatazama mlango. Machozi yakaanza kunitoka, na nikajua nayo mashine inayaona.

"Pumzika," akasema Dada Penina. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Alikuwa anaitazama kompyuta yake kwa namna ya mtu aliyeona kitu kitamu. Akabonyeza, hadithi yote ikafutika, ukabaki mstari mmoja peke yake katikati ya skrini. "Soma huu."

Nikausoma. Akaleta mwingine, peke yake. Nikausoma. Siku moja mjumbe alikuja kuhesabu watu, akavua kofia yake akaiweka juu ya mkeka. Mwingine. Mbuzi akasogea kama mtu anayekuja kusalimia. Nilikuwa nimeshaona linalokuja, nikaanza kucheka kabla sijafika mwisho wa mstari, na kofia ikaliwa, na mjumbe akaondoka amejifunika daftari kichwani. Nilicheka mpaka matofali yakatikisika chini ya kiti. Hakuna aliyekuwa amenisomea. Maneno yalikuwa yamekaa pale yakiningoja, na nikayakuta mwenyewe.

"Sasa nikuonyeshe kitu," akasema, akaigeuza kompyuta yake.

Ilikuwa hadithi ile ya mistari minane, na juu yake kulikuwa na miduara myekundu, midogo kwa mikubwa, imeunganishwa kwa nyuzi. "Haya ni macho yako," akasema. "Kila jicho lilipotua, pana duara. Liliposimama sana, duara kubwa." Nikaikodolea. Nilikuwa nadhani jicho linateleza juu ya mstari, kumbe linaruka na kutua, linaruka na kutua, la mtu yeyote, hata la profesa. Zilikuwa nyayo. Kama za kuku asubuhi kwenye uwanja uliofagiliwa, zinaonyesha kabisa alikotoka na alikogeukia. Na zilikuwa zangu. Nilisahau kulia, nilisahau darasa la tatu. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, nikamwambia arudishe, aanze tena mwanzo, nione yanavyotembea.

Akarudisha. Mstari wa kwanza miduara inakwenda vizuri, hatua kwa hatua, mpaka mwisho. Halafu uzi unarudi kushoto kwa kishindo, na badala ya kutua mstari wa pili unatua wa nne. Unasita. Unapanda wa kwanza. Unashuka wa tatu. Halafu unaruka mpaka kwenye kofia.

"Na huku nje ya skrini?" akauliza.

"Niliangalia mlango."

"Ulitaka kukimbia?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa kama nimejibu swali la mtihani. "Herufi unazijua. Maneno unayajua. Kinachokupotea ni njia ya kurudi, kutoka mwisho wa mstari kwenda mwanzo wa unaofuata. Hujapungukiwa akili, Mwajuma. Umewahi kusoma mahali bila kupotea?"

"Madrasa," nikasema, na nilipokuwa nasema mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe ukashika kijiti kisichokuwepo. Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza.

Kisha akawa mtu mzima tena. "Nikimwonyesha mwalimu wako hizi nyayo, anaweza kukusaidia. Lakini nilikuambia ni zako. Ukisema hapana, nafunga."

Nimeulizwa mara nyingi na watu niliowasimulia kama nilihitaji ujasiri. Sikuhitaji. Mtoto mwema angefikiria kusema ukweli, mficha uchi hazai na kadhalika. Mimi nilitaka tu mtu mwingine azione nyayo zangu kabla hazijafutika. Nikasema, "Mwite."

Mwalimu Ndahani aliingia akiinama, maana mlango wa stoo ulikuwa mfupi kwake, akaketi juu ya gunia la mahindi. Dada Penina akamwonyesha bila maneno mengi. Mwalimu akatazama. Akasema, "Rudisha." Akatazama tena, ameegemeza viwiko magotini, na uso wake ukabadilika. Alinyoosha kidole chake kirefu, akafuata uzi ule mwekundu kutoka duara hadi duara.

"Mimi nimefuata nyayo za ng'ombe waliopotea kabla sijaanza shule," akasema. "Mnyama mvivu nyayo zake zinakaa mahali pamoja. Huyu hakukaa. Tazama hapa amepanda, hapa ameshuka, hapa amezunguka. Huyu alikuwa anatafuta." Akanigeukia. "Mwaka mzima umekuwa unasomaje darasani?"

Nikamwambia yote. Saumu, mara tatu, vyombo, ubuyu. Akauliza, "Hadithi zote umezikariri?" Nikasema zote. Akafumba macho kidogo, nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua anacheka na hataki nione.

Halafu akatoka. Akarudi na kitabu kutoka kabati la mwalimu mkuu, kinene, hakina hata picha moja, cha ufugaji wa nyuki. Kitabu ambacho Saumu hakuwahi kukigusa. Akakifungua katikati, akachomoa rula kutoka mfuko wa koti, rula ile ile niliyokuwa naiogopa, akailaza chini ya mstari wa kwanza. "Soma. Ukifika mwisho, ishushe. Nataka nijue leo, nisingoje mwisho wa muhula."

Nikasoma kwamba mzinga uwekwe mahali penye kivuli, mbali na njia ya mifugo. Nikaishusha rula. Jicho likaruka, likatua, na chini yake palikuwa na mstari unaofuata, umetulia pale pale, unaendelea na habari ile ile ya mzinga. Nikashusha tena. Nyuki hupenda maji yaliyo karibu. Nikashusha tena. Nilikuwa nasoma polepole, nakwama kwenye maneno marefu, nafuta jasho kwa ushungi wenye madoa ya wanja, lakini sikupotea hata mara moja. Ukurasa uliisha. Mwalimu akasema inatosha. Nikafunua, nikasoma wa pili. Hakunizuia. Dada Penina alikuwa ameacha kuandika.

Nilipomaliza Mwalimu Ndahani aliichukua rula yake, akaigeuzageuza mkononi. "Rula nilikuwa nayo mimi," akasema, akimwambia Dada Penina, au akijiambia mwenyewe. Kisha akaniambia, "Darasa la tatu huendi. Nenda zako." Sijui kama nilishukuru. Leo kazi yangu ni kusoma majalada ya ofisi kuanzia asubuhi hadi jioni, na nasoma kwa rula, mkuu wangu akinicheka nacheka naye. Lakini siku ile nilichojua ni kwamba kengele ya mwisho imegongwa na miguu yangu haigusi chini. Nilikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani bila kusimama, upepo unanipiga vumbi usoni, na kila ubao wa duka niliokutana nao niliusoma kwa sauti. Saluni. Mkaa upo. Tunachaji simu. Watu walinishangaa.

Saumu alikuwa amewahi kutoka. Nilimkuta kibarazani anachambua mlenda kwenye ungo.

"Saumu, siji," nikasema, pumzi hazitoshi.

"Huji wapi?"

"Darasani kwenu. Mwalimu amesema siendi. Nimesoma kitabu cha nyuki, kurasa mbili, mimi mwenyewe."

Nilitegemea aruke. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono tushikane. Yeye akaendelea kuchambua, jani moja, jani jingine, na nikaona anaweka mazuri upande wa mabaya.

"Huji kabisa?"

"Siji kabisa."

"Nilishawaambia wote kwamba unakuja," akasema, na sauti ikamkatika. "Nilishamwambia na mwalimu wetu. Aneti niliyekuwa nakaa naye nilimtoa kwenye dawati langu ili ukae wewe, tukagombana, mpaka leo hatuongei."

Nikasimama pale na furaha yangu yote, sina pa kuiweka. Aibu niliyoikimbia muhula mzima, mpaka nikajipaka wanja wa watu watatu, mdogo wangu alikuwa anaitangaza darasani kwao kama habari njema. Nikakaa chini kwenye kibaraza karibu naye. Hakunitazama. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Upande wako nilikuwa naufuta vumbi kila asubuhi," akasema.